Mkwe Wangu wa Nyuma ya Pazia

Miaka mingi nilizungumza na mama mkwe wangu, na katika miaka hiyo yote nilichokijua zaidi ni pazia lake. Lilikuwa la kitambaa cha maua mekundu yaliyofifia, nalo lilining'inia katika mlango uliotenga ukumbi na chumba cha ndani, nyumbani kwake Shumba Viamboni. Yeye hukaa upande wa ndani juu ya kigoda. Mimi hukaa ukumbini juu ya mkeka, nimekunja miguu kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Hiyo ndiyo adabu tuliyoikuta. Fiqhi, ambayo nilijigamba kuijua, inamhesabu mama wa mke kuwa ni maharimu, na haimkatazi mtu kumtazama uso wake. Lakini Pemba haikuulizwa wakati hukumu hiyo inatolewa, na mkwe wangu hakuwa mtu wa kukubali hukumu ambayo hakuulizwa.

Jina lake sitalitaja, kwani yeye mwenyewe hakupenda litembee barabarani. Wanawake wa Shumba walimwita Bi Mkubwa. Mimi nilimwita mama. Yeye aliniita mwalimu, kwa sauti ambayo mpaka leo sijathibitisha kama ilikuwa ya heshima au ya dhihaka, na rai yenye nguvu ni ya pili.

Chini ya pazia palikuwa na uwazi wa kiasi cha shubiri, na kwa uwazi huo nilizijua nyayo zake kuliko nilivyoujua uso wake. Zilikuwa nyayo pana, zenye visigino vilivyopasuka kwa kazi ya shamba, na kucha zake zilipata hina Idi kwa Idi. Nyayo zikitulia, hoja yangu inasikilizwa. Kidole gumba kikianza kupiga sakafu, hoja imekwisha hata kama mimi sijaimaliza. Kanuni hii sikuigundua mapema. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa yangu mkwe wangu aliniuliza, kwa neno fupi, kama mwanamke anyonyeshaye anaweza kuakhirisha funga. Jawabu lake ni fupi vilevile. Mimi nilianza na maana ya funga katika lugha, nikaja na maana yake katika sharia, nikataja khitilafu za wanazuoni, nikaipa nguvu kauli iliyostahiki, nikahitimisha kwa kusema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Nikangoja. Pazia likatikisika, akatoka kuku. Mkwe wangu alikuwa jikoni akikuna nazi, na alikuwa huko tangu maana ya lugha. Mke wangu husema kwamba kuku yule ndiye mwanafunzi wangu wa pekee aliyewahi kukaa mpaka mwisho wa darasa.

Hakuwa mkunga kwa cheo, wala mganga, wala hakusomesha. Hata hivyo wanawake wa Shumba, na wengine kutoka Konde, hawakuamua jambo zito bila ya kupita kwake kwanza. Nilijiuliza sana wanafuata nini, maana niliokuwa nikiwasikia wakiuliza, wengi walijibiwa neno moja: sijui. Mtoto hanyonyi, Bi Mkubwa, ana nini? "Sijui." Mume kaenda Mombasa hajaleta salamu, atarudi? "Sijui." Mimi nilisomeshwa kwamba nusu ya ilimu ni kusema sijui, na nilikuwa nikiisomesha kauli hiyo kwa ufasaha mkubwa pasina kuitumia hata siku moja. Tofauti niliiona baadaye. Sijui ya mtu mwingine ni mlango unaofungwa. Yeye akishasema hajui, alivaa buibui akafuatana na muulizaji mpaka kwake, akakaa naye pamoja na hilo wasilolijua, mpaka likajulikana au likapita.

Mtu asidhani kwamba namchora walii. Alikuwa na mambo yasiyopatana. Hospitali hakuiamini, lakini chini ya kitanda alikuwa na chupa ya dawa ya zambarau ya vidonda, iliyotoka hospitali, na hakuruhusu mtu kuigusa. Hirizi alizicheka, na waandishi wake akawaita watu wanaouza wino kwa bei ya wasiwasi. Siku moja nikaona hirizi imefungwa kwenye banda lake la mbuzi, nikafurahi kwa kuwa nimepata hoja, nikamuuliza kwa upole wa kujifanya.

"Miye nasali, mwalimu," akasema. "Mbuzi hawasali."

Uongo aliuchukia hata akamkatia salamu jirani aliyemdanganya kuhusu mpaka wa mikarafuu. Naye huyohuyo, chakula kikiwa kidogo, aliapa kuwa ameshakula, na tumbo lake likatoa ushahidi kinyume mbele ya wageni. Na katika miaka ile ya uchaguzi, wakati watu wa chama hiki hawakununua chumvi katika duka la mtu wa chama kile, na mazishi nayo yakaanza kuwa na pande mbili, ukumbini kwake waliingia wanawake wa pande zote. Hilo halikutokana na upole. Aliwaambia kwamba mwenye kutaka siasa abaki nayo nje pamoja na viatu, na akiikuta imeibiwa asimuulize yeye.

Nimekawia kulifikia jambo lililonifanya nimwandike, na kukawia ni ugonjwa wangu.

Ilisikika kwamba ndui imeonekana pwani ya bara. Bwana Afya wa wilaya akanijia, akanieleza kwamba anaye mchanjaji na anayo dawa, lakini hana ulimi. Na watu wa kaskazini, alisema, humsikiliza mtu wa dini. Nilimkubalia kwa unyenyekevu uliochukua muda mdogo mno. Hotuba niliyoitunga ilikuwa na dibaji na milango mitatu. Meza ya mchanjaji iliwekwa Shumba, pembeni ya sakafu ya kuanikia karafuu, nami nikasimama mbele ya watu nikawathibitishia kwa aya, kwa athari za wema waliotangulia na kwa mantiki kwamba kinga ni wajibu na kwamba katika chanjo hii hapana shaka yoyote. Mzee mmoja akauliza kama ni kweli dawa ile hutoka katika ngozi ya ndama, na ndama huyo amechinjwa na nani. Swali hilo lilinipendeza sana. Nilimjibu mpaka adhana ya alasiri. Mwanamke mmoja, kwa mbali, akauliza kama mtoto ataumwa. Nikamwambia hapana shaka, nikarejea kwa ndama.

Waliochanjwa siku ile walikuwa wanaume wawili wanaomkhofu Bwana Afya, na mvuvi mmoja ambaye alidhani kunagawiwa sukari.

Nilirudi nyumbani nikilaumu ujinga wa umma. Mke wangu, ambaye ni sehemu ya umma, alikuwa amempakata binti yetu aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Nikamwambia kesho mtoto apelekwe mezani, awe mfano. Akanijibu kwa utulivu kwamba hapelekwi. Wanawake wote wa Shumba wanamngoja mama, alisema, na yeye pia anamngoja. Na mama hajasema kitu. Nikauliza mama anangoja nini. Akanitazama kwa namna ya mtu anayemhurumia msomi.

"Kwani wewe hujui kama nilikuwa na kaka?"

Sikujua. Nilikuwa nimeoa katika nyumba ile, nimekula wali wake, nimehutubia pazia lake na kuku wake, na sikujua.

Kesho yake asubuhi nikaenda Shumba Viamboni na hoja zangu zimepangwa. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikakaa mkekani, nikamwamkia. Nyayo zilikuwa zimetulia. Nilipofungua kinywa alinitangulia.

"Nilikuwa na ntoto mwanamume, mwalimu. Walikuja wachanjaji zama zile, nikampeleka mimi mwenyewe, kwa n'kono wangu. Alichanjwa Jumatatu. Ijumaa nikamzika." "Sisemi chanjo ilimuua. Alikuwa na homa ya kwenda na kurudi tangu kabla. Wala sisemi haikumuua. Lakini tangu siku ile hapana mtu aliyekuja kuniuliza. Walisema tu hapana shaka. Na weye jana ulisema hapana shaka. Nlikusikia toka hapa, upepo ulikuwa wa huko."

Katika milango yangu mitatu hapakuwa na mlango wa jambo hilo. Nilitafuta, kwa mazoea, kauli ya kuanzia, na zote nilizokuwa nazo zilianza kwa maana ya lugha.

"Sasa nambie," akaendelea. "Weye umechanjwa?"

Nikasema ndiyo, nilichanjwa utotoni, kwa mapokezi ya marehemu baba yangu, na baba alikuwa mkweli.

"Kovu li wapi?"

Nikaingiza mkono ndani ya kanzu nikapapasa bega la kulia. Nikapapasa na la kushoto. Nikarudi la kulia, kwa kuwa mtafiti makini hurudia. Mabega yangu yalikuwa laini kama ya mtoto mchanga.

"Yamkini halikushika," nikasema. Nilifahamu kutoka kwa mchanjaji kwamba chanjo isipotoa kidonda haikushika, na hurudiwa.

"Yamkini," likarudia pazia. Neno hilo sikuwahi kulisikia likiwa na uzito kiasi kile. "Basi miye nna ntoto wa kizazi changu kule kwako, anatambaa. Nimempoteza mmoja kwa kutojua, sitompeleka wa pili kwa maneno. Mlete huyo mchanjaji hapa ukumbini. Akuchanje weye. Tutazame."

Hapa inanipasa niseme kwamba nilikuwa na khofu ya sindano. Nilikuwa nimewahutubia watu juu ya wajibu wa kinga huku nikiwa nimesimama, kwa makusudi, upande wa meza ulio mbali na vifaa. Nikajaribu kutoa udhuru wa adabu: mkwe hawezi kufunua bega mbele ya mkwewe. Akanijibu kwamba pazia lipo, na kwamba akiwa na haja ya kuona bega atakopa macho ya wanawake.

Mchanjaji akaja. Uani wanawake walikuwa wamejaa, wamejitanda, kimya. Nilifunua bega ambalo jua lilikuwa halijalifahamu. Alilipangusa, akatonesha dawa, akaanza kuchomachoma kwa ncha ya sindano. Nilikuwa nimekusudia kusoma dua fasihi. Kilichonitoka ni sauti, na mke wangu, aliyekuwepo, huisimulia mpaka leo kwa mapokezi yasiyokatika.

Kisha nikakatazwa kurudi kwangu. Mkwe wangu aliamuru nitandikiwe palepale ukumbini, na kwamba mkono usifunikwe wala habari yake isifichwe. "Ukiuma sema unauma. Ukiwasha sema unawasha. Usitupambie." Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba au kuteka maji, wanawake walipita uani wakaniangalia. Mwanzo hapakuwa na kitu, wakaondoka wamevunjika moyo, nami nikajihisi nimekosa adabu kwa kutovimba. Kisha pakatoka uvimbe, uvimbe ukawa lengelenge, lengelenge likatunga usaha, na mimi nikapata homa. Huko Konde kwenyewe, niliambiwa, abiria waliokuwa wakipanda gari la Wete walikuwa wakiulizana mkono wa mwalimu umeamkaje. Nimesomesha miaka mingi baadaye, nimehutubia misikiti na skuli, na sijapata tena hadhira iliyonifuatilia kwa shauku ile. Hawakuwa wakifuata neno langu hata moja.

Nilikuwa nalala pale nimejifunika mpaka kidevuni, bega nje, namsikia mkwe wangu akizungumza nao nyuma ya pazia.

"Utavimba, kama mnavyoona. Utawasha. Ntoto atalia, na wengine watashikwa na homa. Nani na nani, sijui."

"Na kufa, Bi Mkubwa?" akauliza mmoja. Sauti ilikuwa ya mwanamke aliyeniuliza siku ile kama mtoto ataumwa.

Nyayo zilirudi nyuma, chini ya kigoda.

"Ndui nimeiona," akasema. "Nyumba ya mama yangu mdogo walibaki wawili. Hiyo najua. Hii nyingine nilimpeleka ntoto, akafa, na kilichomuua sikijui. Nimeyaweka yote mawili mbele yenu. Atakayempeleka wake, nitakwenda nikae naye mpaka homa iondoke. Asiyempeleka, simtii neno."

Nilipopata nafuu, nilikuwa nimeshajipa tafsiri ya kuteuliwa kwangu. Ilinidhihirikia kwamba mkwe wangu, kwa busara yake, alitaka mtu wa ilimu awe ndiye ushahidi. Tafsiri hii niliishi nayo kwa raha mpaka asubuhi niliyoinuka mkekani kwa miguu yangu, kovu limeanza kukauka, na uani wanawake wakamuuliza, kwa utani, kwa nini asimchague mvuvi mwenye kifua akatuepushia mlio ule.

"Nvuvi?" akasema. "Nvuvi angepona hata kwa sumu. Nimemchagua huyu kwa kuwa Shumba nzima hapana mwanamume goigoi kama yeye. Akipiga chafya hulala siku tatu. Basi huyu akiinuka, ntoto gani hatoinuka?"

Walicheka mpaka wakashikana. Nami, kwa kuwa ni msomi mwadilifu, ninakiri kwamba qiyasi ile haina kasoro: likithibiti kwa aliye dhaifu, kwa mwenye nguvu ni aula zaidi. Sikuwahi kuisomesha kwa mfano bora.

Meza ilirudishwa pembeni ya sakafu ya karafuu, na safari hii wakaja. Hawakuja wote, waliobaki nyumbani hawakusikia karipio kutoka kwake, na baadhi yao walikuja baada ya mwezi bila ya kuitwa. Binti yangu hakupelekwa mezani. Mchanjaji aliitwa ukumbini, na kwa kuwa mkwe wangu hakujitokeza mbele ya wanaume wasiomhusu, alimpakata mtoto nyuma ya pazia na kuutoa nje mkono wake mdogo tu. Mkono ule ukachanjwa, kilio kikasikika, mkono ukarudishwa ndani. Kisha mkwe wangu akahamia kwangu kwa muda wote wa homa, na kwa siku hizo mimi ndiye niliyehamia barazani. Alizunguka nyumba hata nyumba. Kila palipokuwa na mtoto mwenye bega linalovimba, palikuwa na nyayo zake. Kwa rehema ya Mungu hatukuzika mtoto. Nilimwambia, baada ya hayo yote, kwamba sasa imethibiti hapana shaka.

"Imethibiti kuwa hawa wamepona," akasema.

Miaka ikapita. Shamba lilimshinda, miguu ikavimba, macho yakaingia ukungu, na binti yake mdogo akamchukua Madungu ili awe karibu na hospitali ambayo bado hakuiamini. Nilikwenda kumtazama mara ya mwisho ninayoikumbuka vyema zikiwa zimebaki siku chache kabla ya mimi kuhutubia sokoni Konde. Wachanjaji walikuwa wanarudi kaskazini, na Bwana Afya mpya, aliyesikia habari za uchanjaji ule wa zamani, alikuwa amenijia kutafuta ulimi.

Mkwe wangu alikuwa kitandani, na kitanda kimesogezwa mpaka mlangoni. Hakuwa akiona tena ila mwanga, na kwa hivyo pazia halikuwa na maana yoyote kwake. Lakini niliposema hodi nikamsikia akimwambia bintiye alishushe. "Si kwa ajili yangu," akasema. "Yeye hawezi kusema bila ya pazia."

Nikamsomea hotuba. Nilikuwa nimeipunguza sana. Dibaji niliiondoa, ndama nilimtaja kwa sentensi moja, na nilikuwa nimeeleza uvimbe, mwasho na homa kama alivyoeleza yeye. Nilijiona nimefika. Nikamaliza. Nikatazama chini ya pazia, kwa mazoea, lakini nyayo zilikuwa juu ya kitanda.

"Mama, upo?"

"Nitakwenda wapi?" Akavuta pumzi. "Umetaja wote, mwalimu. Umetaja waliovimba, umetaja waliolia. Mwanangu hukumtaja."

Nikamwambia sikujiona kuwa na idhini. Habari ile ilikuwa yake, na miaka yote nilimwachia mwenyewe.

"Miye siwezi kufika Konde. Na kule wapo waliozika kama miye, wamekaa nyuma kabisa, hawaulizi. Hao ukiwaficha mwanangu watajua umewaficha na lao. Kamtaje. Sema alichanjwa Jumatatu, akazikwa Ijumaa, na kilichomuua hakijulikani."

Nikaahidi. Nikaanza kukunja karatasi zangu. Lakini hakuwa amemaliza, kwani nilimsikia akihangaika kitandani na bintiye akimsaidia kuketi.

"Na ukishawaambia hayo, mmoja atainuka akuulize: na mama yake je? Alifanya nini? Uwe na la kumjibu."

Pazia likasogea. Ukatoka mkono, mkavu, umepandishwa nguo mpaka begani. Nilikuwa sijawahi kuona sehemu ya mwili wake iliyo juu ya kifundo cha mguu, na nililazimika kutazama mara ya pili ndipo nifahamu nilichokuwa nikioneshwa. Bega lile halikuwa na kovu.

Wanawake wa Shumba wote waliomfuata, watoto wote aliokesha nao, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza. Mimi, mtafiti makini, niliyepapasa mabega yangu yote mawili na kurudia la kwanza, sikupata kuuliza.

"Nliutoa n'kono wake, nikautunza wangu," akasema, kwa sauti ya chini. "Nikaona haya kuutoa bila yeye. Mwiteni mchanjaji, hospitali si mbali."

Shemeji yangu akavaa buibui lake akatoka. Mkono haukurudi ndani. Ulibaki pale umeegemea ubao wa mlango.

"Mwalimu," akasema. "Utauma?"

Zilinijia kauli nyingi, zote fasihi, zote zikianza na hapana shaka.

"Sijui, mama," nikasema. "Wangu uliuma."

Kisha nikauvuta mkeka karibu na pazia, nikakaa.